Simu ya Mto

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha asubuhi. Meya ametangaza habari akiwa amesimama, jambo ambalo hulifanya pale tu anapotaka sisi tukae vizuri. Mtandao wa miji ya mito unaleta wageni wawili Alhamisi ya wiki ijayo. Wanakuja kuangalia mkataba wetu na mji wa juu. Wakiridhika, tutaalikwa kuueleza kwenye mkutano mkuu wa kimataifa, ng'ambo. Meya na afisa mmoja.

Afisa mmoja. Mimi ndiye afisa mazingira wa manispaa hii. Hata hivyo macho ya kikao yakaenda kwa Rula.

Rula ni afisa mipango miji. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata chai huinywa kama mtu aliyepimiwa. Ndiye aliyeandika mkataba, hilo sikatai. Mimi nilichagua rangi ya jalada.

Kwa faida ya atakayeandika habari zangu siku moja: mto ni mmoja, miji miwili, nchi mbili. Wizara za nchi hizo zinajadiliana kuhusu mto huu tangu nikiwa na nywele, na bado hazijakubaliana kikao kifanyike upande gani wa mpaka. Meya wetu na meya wa mji wa juu walitia saini mchana mmoja, meza ikiwa katikati ya daraja la mpakani, miguu miwili kwao na miwili kwetu. Makubaliano ni mafupi. Maji yakipita alama nyekundu kwenye nguzo ya daraja la mjini kwao, wanatupigia simu. Mto huchukua mchana mzima kutufikia, kwa hiyo simu hufika kwanza na watu wa mtaa wa chini hupata nafasi ya kupanda hadi shule iliyo kilimani. Nasi tunawapelekea miche ya kupanda kwenye kingo zao.

Simu hupigwa kwenye namba mbili. Yangu na ya Rula.

Hapo ndipo penye kasoro.

Jumatano, 6 Machi

Kamati ya mazingira. Nimependekeza namba ibaki moja. Nilisema namba mbili huleta mkanganyiko, na kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Rula akauliza, je, huyo fahali mmoja akiwa bafuni? Nikajibu kwamba mimi huoga haraka. Kamati ikacheka. Kamati yetu ikishacheka imeshapiga kura, hasa harufu ya chakula cha mchana ikiwa imeanza kuingia dirishani.

Namba ya Rula imefutwa. Alikunja karatasi zake taratibu, akasema mto hauna simile, kisha akaomba maoni yake yaandikwe kwenye kumbukumbu. Katibu alikuwa ameshafunga kalamu.

Nimemjulisha Jirani. Jirani ni afisa mazingira wa mji wa juu, mwanamke wa maneno machache, ambaye ndiye mwenye kazi ya kupiga simu. Akanijibu: sawa, lakini je, ukizima? Nikamwandikia kwamba simu yangu haizimwi, ni kama moyo.

Jibu zuri. Nimelinakili hapa nisije nikalisahau nikihojiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshuka mtaa wa chini kumsalimia Mama. Tangu apate kiharusi hatembei. Anaishi na dada yangu mkubwa, na kitanda chake kiko dirishani, maana anapenda kuona mto. Anasema mto ni mgeni anayepita bila kuomba chochote.

Dada ni fundi cherehani. Nilimkuta barazani akishona gauni la Jirani. Jirani alikuja mwaka jana na ujumbe wa meya wao, akapimwa mbele ya kila mtu, na tangu hapo wanaitana shoga. Wanapigiana simu kila mara kuhusu mikono ya gauni. Nikamwambia Dada asimsumbue afisa wa nchi nyingine kwa mambo ya mikono. Uhusiano wa kimataifa una itifaki zake. Akaitoa tepu shingoni, akanionyesha, akasema itifaki yake ni hii na mgeni huanza kupimwa mabega.

Mama akauliza ukuta wa kingo utajengwa lini. Nikasema uko kwenye mpango. Akasema mpango huo anaujua, umeshapata wajukuu.

Dada akanisindikiza hadi njiani, na huko ndiko alikoniambia alichokuwa nacho. Mvua zinakuja. Nimchukue Mama kwangu mlimani mpaka zipite. Aliomba kwa upole, jambo lisilo la kawaida yake. Nikamwambia tumalize wageni kwanza. Chumba changu cha wageni kimejaa mabango ya mapokezi na hakuna pa kuyahamishia. Akanitazama kidogo. Akasema, haya, mdogo wangu, mabango yasinyeshewe.

Ijumaa, 8 Machi

Sikulala vizuri kwa ajili ya wazo moja. Wageni watakuja, watakaa ofisini kwangu, wataangalia simu. Simu haitalia. Hakuna kitu kinachochosha macho kama simu isiyolia. Watapiga picha ya nini?

Dawa: onyesho. Jirani apige Alhamisi saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani. Niweke sauti ya juu wote wasikie. Aseme maji yamepita alama nyekundu. Mimi nisimame, nitoe amri, king'ora kilie mtaa wa chini, watu wapande shuleni kwa mstari, wanyoofu kama meno ya kitana.

Nimempigia. Alikataa. Alisema mkataba si mchezo wa jukwaani. Nikamsihi. Nikamwahidi miche ya matunda badala ya ile ya kivuli. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: simu yoyote ya namna hiyo lazima ianze na maneno "hili ni jaribio". Nikakubali.

Baadaye nikafikiri. Maneno hayo yataua kila kitu. Nani atasisimka baada ya kuambiwa hili ni jaribio? Nikampigia tena, nikamwomba ayaache, na pia apige mara moja Jumanne au Jumatano, wakati wowote akipata nafasi, tufanye mazoezi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema ana kazi, akakata.

Kunyamaza ni kukubali.

Jumapili, 10 Machi

Nimewafundisha watu wa mtaa wa chini kutembea kwa mstari. Si kazi ndogo. Fundi wa vyuma, ambaye ana karakana mwanzoni mwa mtaa, aliuliza kama siku ya mafuriko yenyewe kutakuwa na sare. Kinyozi akasema yeye atatembea tu kukiwa na kamera, kwa sababu kupanda kilima bure ni dhambi kwa mtu mwenye magoti yake. Nikawahakikishia kamera zitakuwepo Alhamisi. Wakapanda. Mstari ulikatika mara nyingi, lakini ulikuwa mstari.

Rula akatokea bila kualikwa, na baiskeli yake. Akauliza wagonjwa wako wapi. Nikamweleza kwamba wagonjwa hawamo kwenye onyesho, wanaharibu mwendo. Akauliza, na mama yako mzazi? Mbele za watu. Nikamwambia Mama ana shughuli zake.

Akaenda nyumbani kwa Dada. Nikamfuata, maana mtu hawezi kumwacha hasimu wake peke yake na mama yake. Nikamkuta amemwita fundi wa vyuma. Wamekitoa kiti cha Mama uani, wakakifunga mabomba mawili kwa waya, kila upande moja, kisha wakachomelea. Wakamkalisha, wakambeba kuzunguka nyumba. Mama alikuwa anacheka. Alisema hata siku ya harusi yake hakubebwa, alitembea mwenyewe na viatu vilimbana.

Rula akasema tu kwamba uzito unawezekana. Akapanda baiskeli yake, akaondoka.

Kujipendekeza kwa mama wa mtu. Nimelifahamu.

Jumatatu, 11 Machi

King'ora cha manispaa ni kile cha kuzungusha kwa mkono. Kinakaa kwenye nguzo ya mtaa wa chini, kimepata kutu, kina kiota cha ndege. Hakiwezi kuonwa na wageni katika hali hiyo. Nimekitoa, nimekileta ofisini, nimekipaka rangi ya kijani. Kijani ni mazingira. Nimekifungia kabatini kikauke, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Kitarudi nguzoni Alhamisi alfajiri.

Rangi hii inashika mikono vibaya.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Kwetu si kubwa, lakini juu kule milima imefunikwa tangu juzi. Mto umebadilika rangi.

Simu ya mazoezi haikuja. Meya amepita ofisini, akasifu mabango, akauliza kama picha yake haiwezi kuongezwa ukubwa. Inawezekana. Kila kitu kinawezekana.

Jumatano, 13 Machi. Mchana

Hatimaye Jirani amepiga. Nimefurahi kupita kiasi, na ninaandika upesi kabla ya kurudi kwenye ngazi.

Alianza bila salamu. Uamuzi mzuri. Hakusema "hili ni jaribio", kwa hiyo alinielewa siku ile. Alisema maji yamepita alama nyekundu na bado yanapanda, tuwatoe watu wa mtaa wa chini sasa hivi. Sauti ilikuwa na kutetemeka kidogo, kitu ambacho sikumfundisha. Nyuma yake zilisikika kelele za watu, mvua, na chuma kikigonga chuma. Sikujua mji wa juu wana vifaa vya namna hiyo.

Nikamwambia amefanya vizuri sana, ila pale kwenye "watoeni watu" ashushe sauti kidogo, iingie moyoni. Akauliza kama ninamsikia. Nikasema ninamsikia vizuri kabisa, hapo hapo, asiongeze wala asipunguze. Akasema, ndugu yangu, huu si mchezo. Nikamwambia sentensi hiyo ni nzuri kuliko zote, kesho aanze nayo.

Alipiga tena nilipokuwa juu ya ngazi nafunga bango la ukumbini. Kisha tena. Nikamwandikia ujumbe: "Inatosha, Jirani. Tunza sauti ya kesho." Dada naye akaanza kupiga. Dada akipiga mchana huwa sukari imekwisha. Nimeiweka simu kimya ili nimalize. Sijaizima. Nimeinyamazisha tu.

Picha ya Meya sasa ni kubwa kuliko mlango. Kazi safi.

Alhamisi, 14 Machi

Ninaandika nikiwa shule ya msingi, darasa la kwanza, kwenye dawati ambalo magoti yangu hayaingii chini yake. Nitaandika kwa mpangilio, jinsi nilivyoelezwa, maana sehemu kubwa sikuwepo.

Hakuna aliyekufa. Naandika hilo kwanza.

Jirani alipopata ujumbe wangu alielewa kwamba mimi ni mlango uliofungwa. Hakuwa na namba nyingine ya manispaa yetu. Iliyokuwepo aliifuta mwenyewe Jumatano ya wiki iliyopita, nilipomjulisha. Akampigia mtu pekee wa mji huu aliyemjua, yaani fundi wake wa nguo. Dada alikuwa anapinda mkono wa pili wa gauni. Akamsikiliza, akaweka sindano chini, akanipigia mimi. Nilikuwa juu ya ngazi. Akampigia Rula.

Rula alikuja na pikapu ya manispaa badala ya baiskeli. Akaenda kwenye nguzo, akakuta king'ora hakipo. Fundi wa vyuma akatundika rimu ya lori kwenye mti, akaanza kuigonga kwa nyundo. Watu wakatoka. Wengine wakacheka, wakauliza onyesho si ni kesho. Wengine walianza kujipanga kwa mstari, kama nilivyowafundisha, wakisubiri mstari unyooke ndipo waondoke. Rula aliuvunja mstari huo kwa kupiga kelele. Watu wanasema hawakujua kwamba ana sauti.

Kinyozi alirudi ndani. Alisema magoti yake yana ahadi moja tu, nayo ni ya Alhamisi na kamera.

Maji yalikuja kabla ya giza. Hayakuja kama ukuta, wanasema, yalikuja kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Mama alitolewa akiwa juu ya kile kiti cha mabomba, Rula mbele na fundi wa vyuma nyuma, maji yakiwa magotini. Dada alitembea pembeni na gauni kichwani. Cherehani haikubebeka. Pikapu ilirudi mara nyingi, hadi iliposhindwa. Kinyozi aliteremshwa kutoka juu ya paa la kibanda chake kwa kamba, akiwa hawezi kusema, na sasa amejikunja pembe ya darasa la pili na hataki kunyolewa wala kuulizwa.

Mimi niliiona simu nilipoteremka kwenye ngazi. Simu zilizokosa kupokelewa sikuzihesabu. Nikakimbilia kabatini, nikachukua king'ora, nikashuka nacho. Nilipofika mwanzo wa mtaa, maji yalikuwa madirishani. Nikakizungusha hata hivyo. Hakikutoa sauti. Rangi ilikuwa imeingia ndani na kukauka.

Ukuta wa nyumba ya Dada unaoelekea mtoni umeanguka. Kitanda cha Mama kimekwenda na maji. Nilikiona kikipinda kona penye karakana, shuka bado limetandikwa.

Nilimkuta Mama huku shuleni, amefunikwa koti la Rula. Akaniuliza, mwanangu, ulipigiwa? Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya. Akaangalia mikono yangu, ya kijani hadi viwikoni. Akasema, nenda ukanawe.

Wageni walifika leo asubuhi kama ilivyopangwa. Hawakunywa chai. Walitembea kwenye matope na viatu vyao vizuri, wakauliza taarifa ilimfikia nani. Meya akamtazama Rula, Rula akamwonyesha Dada, Dada akasema shoga yake alimpigia. Wakaandika. Nikaeleza kwamba njia za kirafiki kati ya wakazi ni sehemu ya mfumo, na kwamba mimi binafsi nimekuwa nikizilea. Mmoja wao akauliza kwa nini namba ya pili ya manispaa iliondolewa wiki iliyopita. Rula alikuwa amesimama karibu yangu. Angeweza kunimaliza pale pale. Akasema mambo ya kamati yatajibiwa na kamati, watu sasa wanahitaji maji safi.

Nafasi kama ile, ameiacha ipite. Ndiyo maana hatafika mbali.

Ijumaa, 15 Machi

Jirani amekuja na lori kutoka mji wa juu. Mablanketi, pampu ya kunyonyea maji, dawa za kutibu visima. Wao wenyewe daraja lao limepoteza nguzo, ile yenye alama. Askari wa mpakani walitaka kibali cha wizara. Meya wao alikuja mwenyewe, akafungua mkataba kwenye boneti ya lori, na kuwaonyesha saini za mameya wawili. Wakapita. Jalada lake ni la bluu. Niliona kwamba bado linapendeza.

Nilijitayarisha kumpokea Jirani mlangoni. Akapita. Akaenda moja kwa moja kwa Dada. Wakakumbatiana bila kusema kitu, kisha Dada akalitoa gauni, na Jirani akalivaa juu ya nguo zake zenye matope, palepale mbele ya ubao. Mkono mmoja umekamilika, wa pili unaning'inia na sindano bado imechomekwa. Wakacheka hadi wakakaa chini. Mama akasema linamkaa vizuri begani.

Ndipo Jirani akageuka akaniona. Nikaanza kumweleza kuhusu mtandao. Akasubiri nimalize. Kisha akasema, hakupandisha sauti, kwamba mimi nilimsikia vizuri. Akasema, ulinisifia sauti.

Fundi wa vyuma akatoka nje. Kinyozi aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye hajasema neno tangu ateremshwe, akasema, aa.

Dada alikuwa anakunja tepu yake kidoleni. Akaikunja yote hadi mwisho. Akasema, mdogo wangu, kitanda cha Mama kilikuwa dirishani.

Nilikuwa na jibu. Nimelitafuta mchana kutwa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemhamishia Mama kwangu, chumba cha wageni. Dada pia, kwa muda. Mabango nimeyatandika chini ya godoro kuzuia unyevu, na Mama sasa analala juu ya uso wa Meya. Anasema ni mgumu kidogo.

Dada hasemi nami. Anaongea na Mama, na Mama ananiletea maneno: mwambie sukari imekwisha. Tumekaa chumba kimoja.

Nimenunua sukari.

Jumatatu, 18 Machi

Kikao maalumu. Nilijiandaa kwa hotuba yenye kichwa "Tulichojifunza". Sikupewa nafasi.

Yameamuliwa haya. Namba ya Rula inarudi. Namba yangu inaondolewa. Namba ya pili itakuwa ya fundi cherehani wa mtaa wa chini, kwa sababu, amesema Meya, mji wa juu umeomba mtu ambaye huwa anapokea. Kwenye mkutano wa ng'ambo, wageni wamependekeza watu wawili wakae meza moja, mmoja kutoka kila upande wa mto. Jirani na Dada. Meya atawasindikiza. Kazi ya kubeba mkoba, nadhani.

Nilisimama nikasema dada yangu hana pasipoti, hana uzoefu, hana hata cherehani. Rula akasema cherehani imeshachangiwa, wafanyakazi wa manispaa ndio walioanza. Sikuwa nimeambiwa. Rula akasema waliogopa kunisumbua, walijua nina mambo mengi ya simu. Kamati ikacheka.

Mimi nimepangiwa kitalu cha miche hadi itakapotangazwa vinginevyo. Mji wa juu wanahitaji miche maradufu kwa ajili ya kingo zilizoliwa. Kitalu kiko mahali pazuri, tulivu. Ndoo ya kumwagilia inavuja.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimemwagilia tangu asubuhi, na kichwa kimepata nafasi ya kufanya kazi. Mtu asidharau kitalu.

Nimelichunguza jambo hili kwa utulivu, bila kujipendelea. Kosa lilikuwa wapi? Namba yangu ilikuwa moja, na ilikuwa inajulikana. Hapo ndipo Rula alipopata mwanya. Namba ikijulikana kuwa ya mtu, mtu huyo ana maadui. Dada hana maadui. Hakuna kamati itakayothubutu kuigusa namba ya Dada.

Na simu ya Dada ni kuukuu, ililowa maji, inazima yenyewe. Ni jukumu langu kama mdogo wake kumpatia mpya kabla hajasafiri. Mpya, na laini mpya, ili aanze upya. Ile ya zamani, pamoja na laini yake, nitamsaidia kuitunza. Mji wa juu wakipiga, simu italia mfukoni mwangu. Nitapokea, nitatoa amri, na nitakuwa nguzoni kabla Rula hajapata ufunguo wa pikapu. Watauliza alijuaje. Nitatabasamu tu.

Jioni niliingia kumwona Mama. Akaomba kitanda chake kisogezwe mbali na dirisha. Nikamwambia, Mama, hapa ni mlimani, huo mto wenyewe hauonekani, maji hayawezi kufika. Akasema maji anajua hayafiki. Katika nyumba hii, habari ndiyo isiyofika.

Nimekisogeza hadi ukutani.

Amezeeka, masikini. Kesho nanunua simu.